Sura ya Saba: Majani Yaliyokataa Kuzeeka

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Inspekta Maeng Jin-ok alikata muhuri wa kielelezo namba sita, akabandua karatasi ya foili iliyokizunguka kisahani cha plastiki, na mkono wake ukabaki hewani.

Alitarajia kukuta majani ya manjano. Ndivyo alivyoelezwa na ndivyo alivyoandika mwenyewe kwenye jalada: jani la mpunga likikatwa na kufungiwa gizani, kufikia siku ya tatu linakuwa manjano. Kisahani kilikuwa kimekaa kabatini pale kituoni tangu Jumatatu. Alikifungua apige picha ya mwisho kabla jalada halijapelekwa kwa mwendesha mashtaka, kazi ya dakika mbili. Vipande kumi na viwili vya majani vilikuwa vimelala juu ya karatasi yenye unyevu, vyote kijani kibichi, kijani cha mwezi wa sita, na huu ulikuwa mwisho wa Oktoba.

"Pyo," aliita. "Hebu njoo."

Sajini Pyo Dong-su alitoka kwenye mashine ya kahawa na kikombe cha karatasi mkononi. Alichungulia kisahani, akarudi nyuma hatua moja.

"Afande, mimi sijakigusa."

"Nimekuuliza?"

"Hujauliza, lakini hivyo unavyoniangalia ni kama umeshaniweka ndani."

Walianza na Pyo basi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Daftari lilisema kisahani kiliingia Jumatatu saa tano asubuhi na hakijatoka. Muhuri alioukata Jin-ok ulikuwa mzima, na saini iliyopita juu yake ilikuwa yake mwenyewe, yenye ule mkia ambao hakuna aliyewahi kuweza kuuiga. Foili haikuwa na tundu. Kabati lilikuwa na joto la nyuzi ishirini na mbili, kama chumba chochote. Hakuna aliyebadilisha kitu, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Labda ni majani mabishi tu," Pyo alisema, sasa akiwa amepata ahueni.

"Jani halina ubishi, Pyo. Sisi ndio tumekosea mahali."

Na kosa hilo lilikuwa limemfunga mtu. Chini, kwenye chumba cha mahabusu, alikuwa amekaa Gam Ok-bun, mama wa miaka sitini na mmoja, mtunza kitalu wa taasisi ya utafiti wa mpunga ya Hwasan. Walimkamata Alhamisi saa kumi na moja jioni. Sheria ilitoa saa arobaini na nane. Leo ikifika saa kumi na moja, ama jalada liwe kwa mwendesha mashtaka na mama yule aingie rumande kwa mauaji, ama aende kwake. Na jalada zima lilisimama juu ya kisahani hiki.

Jumatatu asubuhi Daktari Bang Seok-ju, bingwa wa jeni wa taasisi hiyo, alikutwa amekufa ndani ya chumba cha baridi cha mbegu, nyuma ya mlango uliokomewa kwa nje. Alikuwa na jeraha kisogoni. Lakini mpasuaji maiti aliandika jambo ambalo Jin-ok hakuruhusu litoke ofisini: si jeraha lililomuua. Bang alizinduka, akagonga mlango mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, akafa kwa baridi taratibu, saa nyingi baadaye. Na baridi hiyo hiyo ilimfanya mpasuaji ashindwe kusema ni lini. Kati ya Ijumaa jioni na Jumapili usiku, aliandika, kisha akaomba radhi.

Hakuna aliyeshangaa kutomwona Bang akitoka getini, maana wiki nzima alikuwa analala maabara kwenye kitanda cha kukunja. Kwa hiyo polisi walitafuta saa nyingine, kitu cha kuwaonyesha alikufa lini, wakaipata kwenye kabati la giza la maabara: kisahani chenye mwandiko wake, "Ok-bun, siku ya 0", bila tarehe. Ok-bun lilikuwa jina la mbegu, iliyopewa jina la mama mtunza kitalu. Majani yake Jumatatu hayakuwa na hata doa la manjano, na jani la kawaida huanza madoa baada ya siku moja; maana yake hayajamaliza siku moja tangu yakatwe, maana yake Jumapili Bang alikuwa hai na mkasi mkononi. Na Jumapili kamera ya geti ilionyesha mtu mmoja tu akiingia: Ok-bun, saa tatu mpaka saa sita mchana. Wiki moja kabla alikuwa amemfokea Bang mbele ya watu kwa kukataa kumwongezea mkataba. Alipoulizwa alikwenda kufanya nini siku yake ya mapumziko, alijibu, "Kumwagilia." Kwa siku mbili hakuongeza neno.

"Chukua koti," Jin-ok alisema. "Twende Hwasan."

Kwenye gari Pyo alikuwa na nadharia mpya kila taa nyekundu. Kwenye ya tatu alisema, "Huyo Profesa Hyeon ndiye aliyetuambia siku tatu. Yeye na marehemu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Vipi kama alitudanganya?"

"Alikuwa Taipei tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Amerudi jana usiku."

"Mtu anaweza kudanganya akiwa Taipei, afande. Simu zipo."

Jin-ok hakulitupa wazo hilo. Walipofika walivua viatu, wakavaa ndala za maabara, na swali la kwanza alilomuuliza Profesa Hyeon Tae-seop, mzee mrefu aliyekuwa bado na macho mekundu ya safari, lilikuwa hilo hilo.

"Kwenye simu uliniambia jani linageuka manjano siku ya tatu."

"Na nitarudia hata mbele ya hakimu. Jani la kawaida, siku ya tatu."

Jin-ok aliweka kisahani mezani. "Leo ni siku ya tano tangu tukichukue."

Profesa alivaa miwani, akainama. Kisha alichukua kibano, akainua kipande kimoja cha jani, nacho kikaning'inia kama uzi uliolowa.

"Hili limeshakufa kitambo," alisema. "Kilichobaki ni rangi."

"Sikuelewi."

"Wengi hudhani jani linazeeka kwa kuchoka. Hapana, Inspekta. Linazeeka kwa amri. Kuna jeni zinaamka wakati ukifika, zinaliambia: vunja rangi yako, toa kila ulichonacho, peleka kwenye mbegu. Ndiyo maana majani ya chini yanakauka suke likijaa. Yanajimaliza kwa ajili ya suke." Alikirudisha kipande mahali pake kwa uangalifu. "Hapa tunatafuta mipunga ambayo jeni moja kati ya hizo imevunjika. Amri ya kuvunja rangi haifiki. Jani linakufa, na bado ukiliangalia unasema zima."

"Lakini hili si la aina hiyo," Jin-ok alisema. Alisikia sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko alivyotaka. "Nimeelezwa utaratibu wenu. Wino mwekundu ni jeni iliyovunjika, wino mweusi ni jeni nzima. Hiki kimeandikwa kwa mweusi."

Profesa alimwonyesha rafu. Visahani mia na ushee vilikuwa vimepangwa pale: 114 nyekundu, 114 nyeusi, 203 nyekundu, 203 nyeusi.

"Kwa namba, ndiyo," alisema. "Hiki chako kina namba?"

"Kina jina."

"Jina la nani?"

Jin-ok alikigeuza kisahani, akaisoma lebo upya.

"La mama wa watu aliye hai," Profesa alimalizia. "Wewe ungeliandika kwa nyekundu? Bang alijaribu, mara ya kwanza. Yule mama aliingia na ndoo yake, akakiona, akamwambia, 'Daktari, mimi nimekukosea nini mpaka uniombee kifo?' Akaichana karatasi mbele yetu wote. Bang alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Ok-bun inaandikwa kwa mweusi, na ni mbegu iliyovunjika jeni kuliko zote tulizonazo."

Jin-ok alikuwa na miaka saba aliposhika kalamu nyekundu akaandika jina la kaka yake kwenye daftari, na kibao alichopigwa na bibi yake siku hiyo alikikumbuka mpaka leo. Miaka arobaini na mitano baadaye, hata fomu za ofisini alikuwa hajazi majina kwa wino huo. Jambo ambalo kila mtoto wa nchi hii analijua, kwamba kuandika jina la mtu aliye hai kwa nyekundu ni kumwombea kifo, yeye alilitazama Jumatatu nzima bila kuliona, akamfunga mwanamke kwa hilo. Aliona aibu hata kumtazama Pyo.

"Haya majani yangeweza kukatwa lini?" aliuliza.

"Ijumaa. Alhamisi. Hata Jumatano ukitaka."

"Kwa hiyo Jumapili..."

"Jumapili haina ushahidi wowote, Inspekta. Samahani." Profesa alivua miwani. "Ila nikuulize na mimi. Nani aliyewaambia kwamba hii ni mbegu ya kawaida?"

Pyo ndiye aliyejibu, akipekua daftari lake. "Jumatatu, saa nne na robo. Mtafiti Seo Ha-yeong."

Profesa alikaa kwenye kiti cha karibu, taratibu. Seo Ha-yeong alikuwa na miaka thelathini, mtafiti mdogo wa maabara ile, na alikuwa binti wa pekee wa Gam Ok-bun.

"Labda alikosea," Pyo alisema.

"Ha-yeong?" Profesa alitikisa kichwa. "Miaka mitano ameifuatilia jeni hiyo. Mama yake aliiona shambani, shina moja la kijani katikati ya shamba lililoiva lote, akalifunga kipande cha kilemba chake asije mtu akalivuna. Binti akaichukua, akaitafuta mpaka akaijua ilipo. Anaijua kuliko njia ya kwao." Aliikunja miwani yake. "Jana usiku nimefungua barua pepe zangu. Ijumaa saa tisa alasiri Bang alituma makala ya jeni hiyo kwenye jarida. Jina la Ha-yeong halimo."

"Halimo mwanzoni, au halimo kabisa?"

"Yumo mwishoni, kwenye shukrani. Baada ya fundi umeme."

Pyo, bila kuambiwa, alitoa jaladani karatasi ya kamera ya Ijumaa, ambayo kwa wiki nzima hakuna aliyekuwa na haja nayo. Aliisoma kwa sauti ya chini. Wafanyakazi watano walitoka pamoja saa kumi na moja jioni. Mtu wa mwisho, Seo Ha-yeong, alitoka peke yake saa kumi na moja na dakika arobaini, akakimbilia treni ya Busan, kwenye harusi ya rafiki yake, asirudi mpaka Jumatatu. Harusi hiyo polisi walishaithibitisha, picha zipo, anacheka kwenye zote.

Na sasa Jin-ok aliikumbuka Jumatatu yenyewe. Ha-yeong alikuwa amesimama mbele ya rafu hii hii akieleza, kwa utulivu, wino mweusi ni za kawaida, afande, za kulinganishia. Nyuma yake mama yake alikuwa ameshika mpira wa maji. Mpira ulimtoka mkononi, maji yakamlowesha Jin-ok mpaka kwenye soksi, na mama yule akasimama tu anamwangalia binti yake bila kulifunga bomba. Jin-ok aliandika kwenye daftari: mshukiwa alishtuka kisahani kilipotajwa. Aliandika kweli, ila hakujua mama alishtukia nini: uongo wa binti yake.

"Ha-yeong alikuwa anajitengenezea Jumapili, siku aliyokuwa Busan," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Hakujua kwamba Jumapili mama yake alikuwa hapa."

Walirudi kituoni saa kumi kasoro. Ha-yeong alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mahali alipokaa tangu Alhamisi, na kikontena cha chakula kimefungwa kitambaa magotini. Alikuwa amekonda kwa siku mbili.

"Inspekta, naomba nimpe mama akiwa bado hajapelekwa. Chakula cha hapa hakigusi."

"Utampa. Subiri hapo hapo."

Alimleta Ok-bun chumba cha mahojiano, akawasha kinasa sauti, na mlango wa upande wa benchi akauacha wazi upana wa kiganja. Hakujivunia jambo hilo wakati ule wala baadaye.

"Mama Ha-yeong, umekula?"

"Nitakula akileta."

Jin-ok aliweka kisahani mezani kati yao. Ok-bun aliyatazama majani mara moja tu, kisha akageukia ukuta.

"Friji lenu zuri," alisema.

"Hayakuwa kwenye friji."

"Basi hewa ya hapa nzuri."

"Mama, ungesema neno moja Alhamisi, ungelala kwako. Mbegu ina jina lako. Uliichana mwenyewe ile karatasi nyekundu."

"Mbegu ya kawaida hiyo. Wino mweusi. Andika hivyo."

"Profesa Hyeon amerudi."

Mikono ya Ok-bun, iliyozoea udongo, ilikuwa juu ya meza, na Jin-ok aliiona ikikunja ngumi polepole.

"Basi andika nimekiri," alisema. "Saa yenu inakwisha, mimi nakupa unachotaka. Nilimsukuma mimi, Jumapili, kwa sababu ya mkataba. Andika upesi."

"Alianguka wapi?"

"Pale mlangoni. Mlipomkuta."

"Hakuangukia mlangoni, mama. Damu iko kwenye rafu ya nyuma kabisa."

"Basi nyuma. Mimi mzee, nasahau."

"Na mlangoni alifikaje?"

Ok-bun alimtazama kwa mara ya kwanza. Ilikuwa wazi kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Alitambaa," Jin-ok alisema. "Hakufa kwa jeraha. Alizinduka gizani akatambaa mita nne, akagonga mlango mpaka viganja vikachubuka. Mpasuaji anasema aligonga kwa saa nyingi."

Mlango ulifunguka. Ha-yeong alikuwa amesimama pale na kikontena kifuani, uso hauna damu.

"Hapana," alisema. "Alikuwa amekufa. Nilimshika shingoni, hakukuwa na kitu. Nilifunga mlango kwa sababu alikuwa amekufa."

Ok-bun aliruka kutoka kitini kwa wepesi ambao mtu hangemdhania, akamfunika binti yake mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza. Afande, usimsikilize huyu, hajalala siku mbili, anaweweseka."

Ha-yeong aliutoa mkono wa mama yake, bila nguvu. Macho yake yalikuwa kwa Jin-ok.

"Aligonga mpaka saa ngapi?"

Jin-ok alitamani kutojibu. "Usiku wa manane. Pengine zaidi."

"Nilikuwa kwenye treni," Ha-yeong alisema. "Nilikuwa nakula mayai ya kuchemsha kwenye treni. Saa mbili usiku nilikuwa na bibi harusi tunachagua viatu." Alimgeukia mama yake, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Jumapili si ilikuwa siku yako ya kupumzika? Kwa nini ulikwenda?"

"Pampu ilikuwa inavuja," Ok-bun alisema. "Miche yako ingekauka."

Hapo Ha-yeong alilia. Kila asubuhi, alisema, alipika akijiambia leo nitasema, kisha anafika benchini miguu inakataa. Alisema Bang alicheka alipomuuliza kuhusu jina lake, alicheka kama alivyocheka siku ya wino, ndipo akamsukuma. Pyo alisimama nyuma yake mlangoni na pingu mkononi, akimwangalia mkubwa wake kusubiri ishara. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini. Jin-ok alimtikisia kichwa: bado.

Ok-bun hakuwa anawaangalia polisi tena. Alimkalisha binti yake kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua kitambaa, akafunua kikontena. Kulikuwa na wali, mayai ya kukunja, na majani ya viungo yaliyolowekwa kwenye mchuzi wa soya. Alipangusa vijiti vya kulia kwa upindo wa nguo yake ya mahabusu, akabandua jani moja, akalilaza juu ya wali, akamsogezea.

"Kula kwanza," alisema. "Huko hawajui kupika."

Ha-yeong alitafuna huku machozi yakimdondokea kwenye wali, na mama yake akamwekea jani jingine.